POMBE NAYO NI DAWA YA KULEVYA



Katika mikutano ya matawi kuna swali linalorudi kila mara, nalo ni hili: Je, pombe ni dawa ya kulevya, au ni kinywaji tu kama chai na soda? Wengine husema kuiita pombe dawa ya kulevya ni kuwatukana watu wazima wanaotumia pesa zao wenyewe. Wengine husema ni sumu, ipigwe marufuku kabisa. Sisi tumeona yatupasa kutoa maoni yetu wazi, maana jambo hili si la kubishania tu wakati wa chai. Ndani yake mna kazi ya mtu, mshahara wake, watoto wake, na roho za abiria na wenzetu walio njiani.

Kwanza tuitazame lugha yetu wenyewe. Tunasema kulewa, mlevi, ulevi, kileo. Tena tunasema dawa za kulevya. Maneno haya yote yametoka katika shina moja. Wazee waliotuachia lugha hii hawakusubiri daktari awaambie. Kitu kimlevyacho mtu walikijua kwa kazi yake, si kwa chupa yake wala kwa leseni iliyotundikwa ukutani. Ikiwa dawa ya kulevya ni ile inayomlevya mtu, basi ni kitu gani kilichowalevya watu wengi katika nchi yetu kuliko pombe?

Sasa tuutazame mwili. Pombe ikinywewa huingia katika damu kutoka tumboni na katika matumbo, kisha huenda mpaka kwenye ubongo na kuupunguza mwendo. Macho huchelewa kuona, mkono huchelewa kutenda, na mtu hujiona hodari kuliko alivyo. Ini ndilo linaloiondoa, nalo halina haraka. Chupa ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 4.2, huchukua kama saa mbili kwisha mwilini. Kahawa haiharakishi kitu, wala kuoga maji baridi.

Fanyeni hesabu hii, ndugu zetu mnaoingia zamu ya alfajiri. Mtu akianza kunywa saa moja jioni, akamaliza chupa sita mpaka saa tano usiku, pombe ya mwisho itamtoka karibu saa moja asubuhi. Akiingia kazini saa kumi na moja alfajiri ameingia na ulevi, hata kama amelala, amepiga mswaki na kuvaa nguo safi. Hanuki, hapepesuki, lakini mkono wake si ule wa jana. Kwa karani labda ataharibu karatasi. Kwa dereva wa gari la moshi, gadi, mtu wa pointi au fundi wa breki, kosa dogo halina karatasi ya pili.

Tena pombe humfunga mtu. Aliyeizoea sana kwa miaka mingi, akiiacha ghafla hutetemeka, hutoka jasho, huona vitu visivyokuwapo, na wengine huanguka kifafa na kufa. Chai haimfanyi mtu hivyo. Shirika la Afya la Dunia limeuandika uzoefu huo wa pombe katika orodha yake ya magonjwa. Mwaka 1988 wataalamu wa kansa wa shirika hilo waliiweka pombe katika kundi la kwanza la vitu viletavyo kansa. Mwaka 2023 shirika hilo likasema hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Hesabu yake ya mwaka 2019 ni kwamba pombe iliua watu milioni 2.6 duniani, na dawa nyingine za kulevya zote pamoja watu kama 600,000. Mwenye kusema kwamba bangi na heroini ni hatari lakini pombe ni mchezo, na azitazame hesabu hizo.

Basi kwa nini sheria inatenga? Mapatano ya dunia ya mwaka 1961 juu ya dawa za kulevya yaliacha pombe nje. Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 1994 inashika bangi, heroini na kokeni. Pombe ina sheria yake ya mwaka 2010. Hata ile mamlaka ya Serikali, NACADA, imeitwa kwa jina la kupambana na matumizi mabaya ya pombe NA dawa za kulevya. Hilo neno "na" limewadanganya wengi. Mtu husikia na kudhani kuna vitu viwili mbali mbali, kimoja cha wahalifu na kimoja cha waungwana.

Sisi twaona mpaka huo haukuwekwa na daktari. Uliwekwa na historia na fedha. Zamani za ukoloni Mwafrika alikatazwa kunywa pombe kali za Wazungu, lakini manispaa ya Nairobi ilimuuzia pombe katika jumba lake la Pumwani, na faida ikaingia katika mfuko wa manispaa. Pombe yake ilikuwa mbaya alipoipika nyumbani, ikawa njema alipoinunua dirishani pa manispaa. Mwaka 1980 chang'aa ikapigwa marufuku kwa sheria yake; mwaka 2010 marufuku hiyo ikaondolewa. Mwaka 2004 Serikali ilisamehe kodi ya bia ya Senator ili mtu maskini aache chang'aa. Mwaka 2013 ikaitoza kodi, bei ikapanda, mauzo yakaanguka. Je, katika miaka hiyo ini la mfanya kazi lilibadilika? Halikubadilika. Kilichobadilika ni kodi.

Kuna wenzetu watakaouliza: Je, mnataka pombe ipigwe marufuku? La. Kuiita kitu dawa ya kulevya si lazima kukipiga marufuku. Mofini ni dawa ya kulevya, nayo iko hospitali kwa kazi yake. Marufuku tumeiona. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, chang'aa ikiwa haramu, watu zaidi ya 130 walikufa Nairobi, wengi wao katika mtaa wa Mukuru, kwa pombe ya kumi kumi iliyotiwa methanoli. Methanoli ni spiriti ya viwandani. Ikifika katika ini hugeuka kuwa sumu inayoua mishipa ya macho, ndiyo sababu waliopona wengine walibaki vipofu. Lakini leseni peke yake nayo haikutosha. Mwezi wa Mei mwaka 2014 watu wengi walikufa tena katika Embu, Kiambu na kwingineko, na Februari mwaka 2024 wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga. Wale waliokufa walikuwa ni nani? Walikuwa vibarua na watu wa mshahara mdogo, wanaotafuta kinywaji cha bei ndogo baada ya kazi nzito. Ni watu wetu.

Wazee nao watasema: Sisi tulikuwa na busaa, muratina na mnazi, wala hatukuharibika. Twawaheshimu, na maneno yao yana kweli. Lakini wazee hawakunywa ovyo. Kulikuwa na umri wa kunywa, na siku ya kunywa, na mtu wa kukaribisha na wa kukataza. Hiyo yenyewe ni dalili kwamba walijua wameshika kitu chenye nguvu. Hakuna kabila lililoweka miiko juu ya uji. Leo pombe tumeichukua na miiko tumeiacha.

Sasa tufike penye uzito. Neno hili lina faida gani kwa mwana chama?

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inasema mfanya kazi anayelewa wakati wa kazi hata asiweze kufanya kazi yake vizuri amefanya kosa kubwa, na anaweza kufukuzwa mara moja. Tajiri anakijua kifungu hicho kwa moyo. Lakini kifungu cha 41, ambacho wengi wetu hatukijui, kinasema kabla ya kumfukuza ni lazima aelezwe sababu katika lugha anayoielewa, naye asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Mfanya kazi asiyejua hayo hupewa barua asubuhi, na jioni familia yake inatoa vyombo nje ya landi.

Tukiendelea kusema pombe ni starehe tu, basi anayeshindwa nayo ni mtu mbaya tu, na mtu mbaya hufukuzwa. Lakini tukikubali kwamba ni dawa inayofunga mwili, basi aliyefungwa ni mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa. Hapo ndipo maneno yanapogeuka kuwa ugali. Shirika la Kazi la Dunia lilisema hivyo katika mwongozo wake wa mwaka 1996: matatizo ya pombe na ya dawa za kulevya yahesabiwe kuwa mambo ya afya, kama ugonjwa mwingine wowote kazini. Tena shirika hilo hilo, katika Mapatano Namba 95 ya mwaka 1949, lilikataza mshahara kulipwa kwa pombe kali au kwa dawa zenye madhara. Tazameni, ndugu: waliviweka vitu hivyo viwili katika sentensi moja.

Kwa hiyo twaiomba halmashauri yetu iyapeleke haya mezani katika mapatano yajayo.

Kwanza, mwana chama anayejitokeza mwenyewe na kusema pombe imemshinda apewe ruhusa ya ugonjwa na matibabu, na kazi yake imngoje. Hospitali ya Mathari hutibu maradhi haya, na NACADA wana simu ya bure, namba 1192.

Pili, mtu yeyote asishike kazi ya usalama akiwa na pombe mwilini. Hapa hatutetei. Chama hakiwezi kudai breki nzuri kwa tajiri huku kikimficha mlevi penye breki. Lakini anayesema kwa hiari yake kwamba leo hafai apewe kazi nyingine siku hiyo, bila barua ya onyo.

Tatu, tajiri akitaka kuwapima watu pumzi, kuwe na kanuni zilizokubaliwa na chama, mwakilishi awepo, na wapimwe wote wa kazi ile, bwana mkubwa na kibarua. Kipimo kisiwe fimbo ya kumtafuta mtu anayesema sana mikutanoni.

Nne, zamu zitazamwe. Mtu anayefanya kazi usiku saba mfululizo mbali na nyumbani, bila mahali pa kupikia wala pa kupumzikia, ataiona baa kuwa ndiyo nyumba pekee yenye taa. Tajiri asiyetaka walevi aanze kwa kujenga chumba cha kupumzikia.

Na sisi wenyewe tuna kazi. Tumezoea kumficha mwenzetu, kumtilia sahihi, kumshikia zamu. Twadhani ni undugu. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha reli huwa cha watu wengi. Undugu wa kweli ni kumshika mkono mapema, kumpeleka kwa mwakilishi wa chama kabla tajiri hajamwita, na kumtembelea mkewe kujua kama watoto wamekula.

Hatuhubiri. Katika chama chetu wamo ambao dini yao inawakataza pombe, na wamo wanaokunywa bia moja Jumamosi na kwenda zao. Kila mtu ana uhuru wake. Tunachosema ni kwamba kitu kiitwe kwa jina lake, ili tujue namna ya kukishika. Matawi yajadili maneno haya, na makatibu walete majibu ya wana chama kabla ya mkutano mkuu.

Umoja ni nguvu.