Acheni Kubembeleza Kufuli

Kuna uongo mmoja unaozunguka kwa vijana wa teknolojia hapa Nyeri, na nimechoka kuunyamazia. Kwamba hitilafu ikitokea mara moja kwa laki, basi ni ndogo. Zima, washa, tusonge.

Kuna mteja aliyenipa kazi ya kuandika maelezo ya kifaa chake kilichokuwa kinaganda ovyo. Mafundi wake wakapata dawa: subiri milisekunde 10 kabla ya kushika kufuli. Siku hiyo hakikuganda, watu wakapongezana. Nikauliza, kufuli lenyewe mmelisoma? Nikaambiwa mambo ya keneli ni ya watu wa digrii, na mimi chuo niliacha mwaka wa pili. Sawa. Lakini kufuli halijui nani ana digrii.

Keneli ndiyo moyo wa mfumo endeshi. Inagawia programu zote kumbukumbu na zamu kwenye prosesa. Makufuli yake yanazuia kazi mbili kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Sasa fikiria matatu ya Nyeri–Karatina imebaki na kiti kimoja. Makanga wawili wanachungulia, kila mmoja anaona kiti ni kitupu, kila mmoja anapokea nauli ya abiria wake. Hakuna aliyedanganya. Kosa liko kwenye kale kamuda kati ya kuona na kuuza. Kufuli bovu liko hivyo hivyo: linasoma sifuri, halafu linaandika moja. Hatua mbili. Prosesa mbili zikisoma sifuri pamoja, zote zinaingia.

Ukiongeza milisekunde 10 umefanya nini? Umewaambia makanga wachelewe kidogo. Kiti bado kitauzwa mara mbili, ila siku ambayo wewe hupo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Dawa ya kweli inajulikana: kusoma na kuandika kuwe kitendo kimoja, mwingine asipenye katikati. Prosesa za Intel zina njia ya kufanya hivyo, za ARM pia zinayo. Na hapo hujamaliza. Unapofungua kufuli, lazima ulichoandika ndani kionekane kwa wengine kabla kufuli halijaonekana liko wazi. Laptopu ya Intel mara nyingi itakusamehe ukisahau. Prosesa ya ARM, kama ile ya simu yako, ina uhuru mkubwa zaidi wa kupangua mpangilio huo, na siku moja itakuumbua. Kwa hivyo “kwangu inafanya kazi” si ushahidi, buda.

“Hayo tuwaachie wazungu, sisi tunaunda apu.” Nimeisikia hiyo hadi basi. Apu yako inakaa juu ya nini? Android inatumia keneli ya Linux. Mwaka 2007, mwaka ule ule M-Pesa ilipoanza, toleo jipya la Linux lilitoka likiwa na hitilafu iliyokuja kuitwa Dirty COW. Haikuwa kwenye kufuli lenyewe, ilikuwa kwenye usimamizi wa kumbukumbu, lakini ugonjwa ni ule ule: hatua mbili zilizodhaniwa ni moja. Mtumiaji wa kawaida aliweza kujipa mamlaka yote ya mashine. Ilitibiwa Oktoba 2016. Na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikuwa amejaribu kuitibu miaka 11 kabla ya hapo, kisha dawa ile ikaondolewa. Wakati ule tatizo lilionekana ni la kinadharia tu. Mashine zikabadilika, nadharia ikawa njia ya kuvunjia nyumba.

Hiyo ndiyo bei ya kuita kitu kidogo kwa sababu ni nadra.

Msimbo wa Linux uko wazi, ni wa bure, na hauulizi cheti. Vikundi vya vijana kuanzia Nyeri hadi Nanyuki, punguzeni semina za kuunda tovuti kwa siku mbili. Chukueni faili moja ya makufuli, isomeni mstari kwa mstari, mbishane. Na wewe mwenye kifaa, kabla hujapokea kiraka, muulize fundi: ni hatua gani mbili umezifanya kuwa moja? Akikujibu kwa milisekunde, usimlipe bado.