Mlango wa Korti ya Mfalme

Wapo wanasheria wapendao kutusimulia habari za Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza kana kwamba yeye ndiye baba wa haki ya mkulima. Sisi hatukubali.

Kweli, alifanya jambo kubwa. Tangu William aliposhinda vita mwaka 1066, ardhi yote ya nchi ile ilihesabiwa kuwa imetoka kwa mfalme, na makabaila waliishika kwa sharti la kumtumikia. Kabaila mwenye askari aliweza kumfukuza jirani yake shambani, na mnyonge akabaki kulia. Katika miaka ya 1160 Henry aliweka utaratibu mpya. Aliyenyang'anywa ardhi alipata hati ya mfalme, kisha watu 12 wa jirani wakaitwa kujibu swali: je, amefukuzwa bila ya haki na bila ya hukumu? Wakisema ndiyo, alirudishiwa. Hayo ni matengenezo mema, wala hatuyadharau.

Lakini mlango huo alifunguliwa nani? Mtu huru peke yake. Mtwana, ambaye jasho lake ndilo lililomlisha bwana, hakuwa na nafasi. Alipothubutu kushitaki, ilimtosha bwana kujibu: huyu ni mtwana wangu. Ikithibitika, kesi imekwisha. Akarudi kwenye baraza la bwana yule yule, ambako mshitakiwa ndiye mwenye baraza! Hata sheria ya mwaka 1290, iliyompa mtu huru ruhusa ya kuuza ardhi yake, ilitungwa kwa maombi ya mabwana wakubwa waliochelea kupotewa na mapato yao. Mtwana haikumgusa.

Ndiyo sababu wakulima walipoasi mwaka 1381 waliyachoma moto madaftari ya mabaraza hayo. Wako waliowaita wajinga wasiojua thamani ya maandishi. Sisi twaona walijua vyema kabisa kilichoandikwa mle.

Baadaye utwana ulififia, na mkulima akalishika shamba kwa nakala ya daftari la bwana. Korti za mfalme zilikuja kuilinda nakala hiyo, lakini kwa kuchelewa mno, na namna hiyo ya kushika ardhi haikufutwa mpaka tarehe 1 Januari 1926. Na hata siku hiyo, mabwana waliachiwa haki zao juu ya madini yaliyomo chini ya mashamba hayo.