Gari Umelipa Lote, Swichi Bado Iko Yadi

Leo naacha kidogo mambo ya programu... au pengine siachi, mtaona wenyewe.

Mnakumbuka Ford walivyomshtaki John Cena, yule wa mieleka, mwaka 2017? Alinunua Ford GT, mkataba ukasema asiuze kwa miaka 2, yeye akauza mapema. Walimalizana 2018. Halafu Novemba 2023 Tesla wakaweka kifungu kwenye mkataba wa Cybertruck: ukitaka kuuza ndani ya mwaka wa kwanza, uwape wao nafasi, nao wanaweza kulirudisha kwa bei uliyonunulia, ukitoa senti 25 za dola kwa kila maili. Ukikaidi, wakudai dola 50,000 au zaidi. Watu walipiga kelele sana, na haki yao. Lakini angalau kifungu kiliandikwa. Kilikuwa na bei na kilikuwa na mwisho.

Huku kwetu Busia na Malaba tuna kifungu hicho hicho, ila hakiko kwenye karatasi yoyote. Kiko ndani ya programu.

Binamu yangu wa Malaba alinunua Probox kwa awamu kutoka yadi moja (jina nalihifadhi). Akamaliza deni mpaka shilingi ya mwisho, akapata mteja wa Amagoro mwenye pesa mkononi. Logbuku ilikuwa kwa majina mawili, lake na la yadi, kwa hiyo yadi isipokubali kwenye mfumo wa NTSA, umiliki hauhami. Wiki ya kwanza: sistimu iko chini. Ya pili: mwenye paswedi yuko Nairobi. Ya tatu wakamwambia, tuuzie sisi, makaratasi yatakamilika leo leo. Bei? Chini ya ile ya mteja. Sistimu iliyolala wiki tatu ingeamka mchana mmoja, jameni!

Nikafungua dashibodi. Traka bado inawaka, ina laini yake ya simu, na waya umeingia kwenye rilei inayokata pampu ya mafuta. Yaani gari lisilo na deni linaweza kuzimwa na kijana aliyekaa kwenye kompyuta, mwenye gari akiwa katikati ya malori akielekea Tororo.

Wenye yadi watasema bila traka gari la mkopo litavuka mpaka usiku liishie Mbale. Kweli, na kwa mji wa mpaka sibishani nao. Lakini deni likiisha, sababu imeisha. Hata kabla halijaisha, sheria ya Kenya ya ununuzi wa awamu, Sura ya 507, inamzuia muuzaji kutwaa mali iliyolipiwa theluthi mbili bila kwenda kortini. Rilei haijui korti. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kuweka habari za mtu kupita muda zinapohitajika. Sasa mnafuatilia safari za binamu yangu za nini?

Wenzangu mnaoandika mifumo hii, salio likifika sifuri, amri ya kuzima gari ikataliwe na idhini ya kuhamisha umiliki itoke siku hiyo hiyo. Ni mistari michache tu, nimeijaribu jioni moja. Na wewe unayekwenda yadi kesho, kabla ya kutia sahihi dai iandikwe tarehe ya kung'olewa traka.