Ada ya chuo kikuu: Nani alipe, mlipa kodi au mtoto wa mlipa kodi?

Na Mwandishi Wetu, Uingereza

KILA mwaka ifikapo Oktoba, Tanzania huwa na msimu mmoja ambao hauandikwi kwenye kalenda. Ni msimu wa majina. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inatoa orodha ya awamu ya kwanza, halafu ya pili, na vijana waliofaulu vizuri tu kidato cha sita wanashinda kwenye simu wakitafuta kama wamo. Waliopata wanafunga mabegi. Waliokosa wanaanza kupiga simu kwa wajomba, kwa mashangazi, na ndugu wasomaji mnajua vizuri, kwa sisi tulioko huku ughaibuni.

Kwa hiyo mjadala wa nani alipe gharama za chuo kikuu si wa wanasiasa peke yao. Wengi wetu tunaoishi London, Muscat au Houston tunaulipia kila mwisho wa mwezi kwa njia ya pesa tunazotuma. Swali ni je, hivyo ndivyo taifa linavyopaswa kusomesha wataalamu wake?

Tulikotoka

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa chuo kishiriki. Kwa miaka mingi serikali ilibeba kila kitu: ada, chakula, malazi, vitabu, hata nauli. Wanafunzi walikuwa wachache na nchi ilikuwa na njaa ya wataalamu. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi hao na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali na kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, amewasaliti.

Elimu ile haikuwa bure. Ilikuwa deni la heshima. Wanafunzi walipoandamana Oktoba 1966 kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu aliwafukuza karibu 400 na hapo hapo akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Unaweza kusema alikuwa mkali mno, lakini huwezi kusema alidai kwa watoto kile ambacho yeye mwenyewe hakutaka kutoa. Visiwani nako, Septemba 23, 1964, Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu kuwa bure, na siku hiyo inakumbukwa mpaka leo.

Miaka ya 1980 uchumi uliporomoka, wafadhili wakaja na masharti yao, na miaka ya 1990 tukafundishwa msamiati mpya: uchangiaji wa gharama. Sheria namba 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi Julai 2005. Zanzibar ilipata bodi yake kwa sheria ya mwaka 2011. Kuanzia hapo mwanafunzi akawa mkopaji. Aprili 2007 wanafunzi wa Mlimani waligoma kupinga kuchangia asilimia 40 ya gharama, wakidai mkopo wa asilimia 100, na chuo kikafungwa.

Hoja za pande mbili

Wanaotaka mwanafunzi ajilipie wana hoja nzito, na tusiipuuze. Mama lishe wa Tandale hajawahi kukanyaga chuo kikuu, na pengine mwanawe hatakanyaga. Lakini kila anaponunua sabuni au vocha ya simu analipa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Bara kwa miaka mingi imekuwa asilimia 18. Kwa nini kodi yake imsomeshe mtoto wa mkurugenzi aliyetoka shule ya kulipia, ambaye kesho atakuwa mwanasheria mwenye gari na kiyoyozi? Huko si kuwapa wenye nacho kwa kumnyang'anya asiye nacho?

Upande wa pili unajibu hivi: mama lishe huyo akiugua atatibiwa na daktari aliyesomeshwa na nani? Mwanawe wa shule ya kata atafundishwa hesabu na nani? Daktari na mwalimu ni mali ya umma, hata kama cheti kimeandikwa jina la mtu mmoja. Tena serikali yenyewe imeshafungua lango la chini. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na cha sita. Huwezi kumwita mtoto ngazi kumi na tatu bila ada, akafika ya kumi na nne ukamwambia aonyeshe pochi.

Hoja zote mbili zina ukweli. Tatizo ni kwamba mfumo uliopo unazikosa zote mbili kwa mpigo. Tuangalie hesabu.

Bumu na ada

Tukisema "elimu ya chuo iwe bure" wengi tunafikiria ada. Lakini katika vyuo vya umma vya Tanzania, kozi nyingi za shahada ada yake imekuwa kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Fedha ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi wenyewe wanaiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Chukua mwaka wa masomo wa wiki 34, ambazo ni siku 238. Unapata shilingi 2,380,000. Yaani kula na kulala kunazidi ada, na kwa kozi nyingine ni karibu mara mbili.

Maana yake ni kwamba mwanasiasa anayesimama jukwaani na kutangaza kufuta ada peke yake hajamaliza tatizo la mtoto wa mkulima wa Namtumbo. Huyo hakwami kwenye ada tu. Anakwama kwenye chumba cha kupanga na sahani ya wali maharage. Na ndiyo maana anayekosa mkopo, hata akichangiwa ada na ukoo mzima, mara nyingi anaishia kuahirisha mwaka.

Halafu kuna suala la kuthibitisha umaskini. Mwombaji anatakiwa kuwa na vyeti vya kuzaliwa, na kama ni yatima vyeti vya vifo vya wazazi, vilivyohakikiwa. Anahitaji mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, mdhamini, na saini ya wakili au hakimu. Mtoto wa mjini mwenye baba anayezijua ofisi anamaliza kazi hiyo kwa siku mbili. Yatima ambaye baba yake alizikwa kijijini bila cheti cha kifo anahangaika miezi. Mfumo uliotengenezwa kumtafuta maskini unamhitaji maskini huyo awe na makaratasi ambayo wenye uwezo ndio wanayo.

Anayelipa ni yule anayeonekana

Tuje kwenye marejesho. Mwishoni mwa mwaka 2016 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyopandisha makato ya mikopo kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara, na yakawagusa hata waliokuwa wameshaanza kulipa kwa kiwango cha zamani. Mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 700,000 akawa anakatwa 105,000 kila mwezi. Juu yake kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Kwa deni la shilingi milioni 10 hiyo ni 600,000 kwa mwaka, sawa na 50,000 kwa mwezi. Karibu nusu ya makato yake ilikuwa inamezwa kabla deni halijapungua hata senti. Wapo waliokatwa miaka na wakikagua salio wanaona deni liko pale pale. Rais Samia Suluhu Hassan aliifuta tozo hiyo mwaka 2021, na hapo anastahili pongezi. Mwaka huo huo bajeti ya mikopo ilipanda kutoka shilingi bilioni 464 hadi bilioni 570.

Lakini asilimia 15 ilibaki kwenye sheria. Nani anakatwa? Mwalimu, muuguzi, afisa kilimo, yaani kila mwenye jina kwenye orodha ya mishahara. Mwenzake aliyefungua duka la vipuri Kariakoo, au aliyehamia nje ya nchi, ni vigumu kumfikia. Na aliyehitimu akakosa ajira, leo anaendesha bodaboda, deni linamsubiri tu.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi sana. Waajiri nao wanafaidika na wahitimu, na kwa sababu hiyo wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, maarufu kama SDL. Tozo hiyo ilikuwa asilimia 6 ya mishahara. Ikashushwa hadi 5 mwaka 2013, ikawa 4.5 mwaka 2016, na mwaka 2023 ikafika 3.5. Tazama mwaka 2016 peke yake: mwajiri alipunguziwa mzigo, mhitimu akaongezewa mara mbili kasoro kidogo. Huo haukuwa ukosefu wa fedha. Ulikuwa uamuzi wa nani abebe.

Wenzetu wanafanyaje?

Huku ninakoishi, England ilikuwa haitozi ada mpaka mwaka 1998, ilipoanza na pauni 1,000. Mwaka 2006 ikawa 3,000, mwaka 2012 ikaruka hadi 9,000 baada ya maandamano makubwa ya wanafunzi ya 2010, na mwaka 2025 ikafika 9,535. Ndiyo tabia ya ada: ikishaingia mlangoni haijui kushuka. Hata hivyo kuna jambo la kujifunza. Mhitimu wa England anakatwa asilimia 9, tena ya kile tu kinachozidi kiwango fulani cha mapato. Kwa wanaoanza chuo tangu 2023 kiwango hicho ni pauni 25,000 kwa mwaka. Akiwa chini ya hapo halipi kitu, na baada ya miaka 40 salio linafutwa. Mwalimu wetu anakatwa asilimia 15 kuanzia shilingi ya kwanza. Nchi tajiri inamwonea huruma mdaiwa kuliko nchi ya ujamaa na kujitegemea!

Scotland, mpakani tu hapo, wanafunzi wake hawalipi ada. Lakini serikali inaweka kikomo cha nafasi inazozilipia, na ushindani ni mkali. Bure nayo ina foleni yake.

Kenya mwaka 2023 ilianzisha mfumo wa kumpanga kila mwanafunzi katika kundi kulingana na kipato cha familia, kisha kumpa ufadhili na mkopo wa kiwango chake. Kwenye karatasi ulipendeza. Kwa vitendo wazazi wengi walilalamika kwamba watoto wao wamewekwa makundi ya wenye uwezo bila kuelewa kigezo, na Desemba 2024 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikatamka kuwa mfumo huo ni kinyume cha katiba. Serikali ikakata rufaa. Somo ni lile lile la mhuri wa mwenyekiti wa mtaa: kupima umaskini wa mtu kwa fomu ni kazi ngumu kuliko wanavyodhani walioko ofisini.

Nini kifanyike?

Kwa maoni yangu, ada ya vyuo vya umma ilipwe na umma, moja kwa moja kutoka Hazina kwenda chuoni, kwa kila aliyefaulu na kupata nafasi. Ada ndiyo sehemu ndogo ya gharama, na kuilipa kwa wote kunaondoa mlolongo mzima wa fomu kwa sehemu hiyo. Mtoto wa mkurugenzi atafaidika? Ndiyo. Baba yake atozwe kodi ya mapato inavyostahili, na mwajiri arudishe angalau sehemu ya ile tozo aliyopunguziwa. Fedha hiyo isichotwe kutoka kwenye madawati ya shule za msingi, maana hapo hoja ya mama lishe itakuwa imeshinda.

Mkopo ubaki kwa chakula na malazi, ambako ndiko mzigo mkubwa uliko, na apewe kila anayeuomba. Anayekopa atalipa, kwa hiyo hakuna haja ya kumlazimisha kwanza athibitishe ufukara. Marejesho yaanze pale mapato yanapovuka kiwango cha kuishi, na yafike mwisho hata kama deni halijaisha. Na sheria isibadilishwe katikati ya safari kwa mtu aliyekwisha kusaini mkataba.

Wapo watakaosema nchi maskini haiwezi. Lakini tayari inalipa. Inalipa kwa makato ya walimu, kwa ng'ombe wanaouzwa Sengerema, na kwa pesa zinazotoka kwetu sisi wa ughaibuni, ambao wengi wetu tulisomeshwa na kijiji kile cha Mwalimu na bado hatujarudi na chakula. Kinachojadiliwa ni kama malipo hayo yapangwe kwa utaratibu unaoeleweka, au yaendelee kutegemea nani ana mjomba mwenye simu inayopokelewa.