Pensheni ya mhadhiri wako si mambo ya wazee

Komredi, ulikuwa wapi Oktoba 2025? Kama kwenu ni Mosocho, huenda ulikuwa shambani ukikatia ng'ombe nyasi, begi la chuo limening'inia msumarini, na kila jioni ukipita stegi mtu wa bodaboda anakuuliza lile swali: "Na nyinyi, chuo hamrudi?" Ukamjibu haraka kwamba walimu wamegoma, wanataka pesa. Stori ikaishia hapo.

Jibu lako lilikuwa nusu ya ukweli. Mgomo ule wa vyuo vikuu vya umma, ulioitishwa na vyama vya UASU na KUSU, ulianza Septemba 17 ukaisha Novemba 5. Siku 49. Na zile Sh7.9 bilioni zilizozozaniwa hazikuwa nyongeza mpya iliyobuniwa juzi. Zilitokana na mkataba wa pamoja, ule tunaouita CBA, wa mwaka 2017 hadi 2021. Serikali hatimaye ilikubali kulipa kwa awamu mbili, ya kwanza Novemba 2025 na ya pili Julai 2026. Piga hesabu mwenyewe. Mkataba uliisha 2021, deni lake limalizwe 2026. Aliyeingia mwaka wa kwanza mkataba huo ulipoanza leo anaweza kuwa na mtoto wa chekechea.

Lakini mshahara hata ukichelewa unapigiwa kelele. Kuna pesa nyingine inayopotea kimyakimya, na hiyo ndiyo tunataka uitazame.

Chukua karatasi ya mshahara ya mfanyakazi yeyote wa chuo. Kuna mstari umeandikwa pensheni, na mbele yake kuna tarakimu iliyotolewa. Tuseme mshahara wa msingi ni Sh60,000 na makato ni asilimia 10. Kila mwezi Sh6,000 zinaondoka. Kwa miaka minne hizo ni Sh288,000, kabla hujaongeza mchango wa mwajiri wala faida ambayo pesa hizo zingezaa zikiwa zimewekezwa. Sasa fikiria pesa hizo zimekatwa kwenye karatasi lakini hazijafika kwenye mfuko wa pensheni. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameandika zaidi ya mara moja kuhusu vyuo vikuu vya umma vinavyokata bila kuwasilisha. Mfanyakazi anajua amechanga. Mfuko haujui.

Pale kijijini kuna mzee aliyekuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja cha umma, sikitaji. Alistaafu akiwa na faili ya kaki iliyojaa karatasi za mshahara, kila moja ikionyesha makato yake. Akienda kuulizia haki yake anavaa koti alilovaa kwenye harusi ya kijana wake, na anarudi jioni na koti lilelile na jibu lilelile: rudi mwezi ujao. Kinachomuuma zaidi, anasema, ni kadi za harambee. Watu wanamletea kwa wingi kwa sababu wanaamini omogaka aliyefanya kazi chuo kikuu hawezi kukosa kitu. Anaona haya kuwaambia kwamba hajaona hata shilingi.

Utasema si kuna sheria? Ipo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri aliyekata pesa azifikishe zinakotakiwa, na kukaa nazo ni kosa. Tatizo ni nani atamshtaki mwajiri wake akiwa peke yake, na bado anataka kandarasi yake iongezwe mwaka ujao. Hapo ndipo nguvu ya kujadiliana kwa pamoja inapoingia. CBA ikishasajiliwa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yaliyomo yanakuwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi inayemhusu. Chama kinaweza kuandika humo kwamba makato yawasilishwe kabla ya tarehe fulani, na kwamba kila mwanachama apate taarifa ya akaunti yake bila kubembeleza mtu dirishani.

Na haki hiyo ya kuketi mezani haikuja bure. Chama cha kwanza cha wafanyakazi wa chuo kikuu, ambacho Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, aliwahi kuwa katibu wake, kilipigwa marufuku mwaka 1980. Wahadhiri walipojaribu tena 1993 waligoma kwa miezi mingi, wengine wakafutwa kazi, na usajili wakanyimwa. UASU ilisajiliwa 2003, baada ya utawala wa Moi kuondoka.

Ila tusiwasifu wakubwa wa vyama kupita kiasi. Kila mazungumzo yanapoanza, kinachosikika redioni ni asilimia ya nyongeza. Pensheni inakuja mwisho. Na mhadhiri wa muda, je? Huyo hata mlangoni hasikiki.

Huyu mhadhiri wa muda unamjua vizuri kuliko unavyodhani. Ndiye anayeingia darasani na mkoba mgongoni, anafundisha saa tatu mfululizo, halafu anakimbilia matatu akafundishe kwingine. Hana pensheni. Hana likizo ya ugonjwa. Hana uhakika wa muhula ujao. Malipo ya muhula yanaweza kumfikia mwaka mwingine kabisa, na akichoka kungoja, silaha aliyobaki nayo ni maksi zako. Zile maksi zilizopotea, zinazokufanya uzunguke ofisi hadi ofisi wiki ya mahafali ikikaribia, mara nyingi hazikupotea. Zimekaliwa na mtu ambaye hajalipwa. Tunamlaumu yeye kwa sababu ndiye tunayemwona.

Hapa Kisii tunajua kazi ya namna hii inavyoweza kuyeyuka. Mwaka 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliagiza Chuo Kikuu cha Kisii kifunge matawi yake 10. Magazeti yaliandika kuhusu wanafunzi waende wapi, na ilikuwa sawa kuandika hivyo. Lakini aliye na ajira ya kudumu, siku kazi yake inapofutwa, sheria inamdai mwajiri notisi ya mwezi mmoja na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Anayefundisha kwa barua ya muhula mmoja anaambiwa tu kwamba muhula umeisha.

Wasimamizi wa vyuo wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Vyuo vina madeni, mgao wa serikali unachelewa, na karo haitoshi kulipa kila kitu. Sawa. Basi semeni hivyo mezani, na vitabu vya hesabu vikiwa wazi. Kile tusichokubali ni chuo kuziba pengo lake kwa pesa iliyokatwa kwenye mshahara wa mtu. Pesa hiyo ilishaacha kuwa ya chuo.

Kwa hiyo mkataba wa 2025 hadi 2029 unapojadiliwa, usiulize tu kama kutakuwa na mgomo. Mwulize kiongozi wako wa wanafunzi kama anajua wahadhiri wangapi wa idara yako ni wa muda. Ukifika siku yako ya kuitwa kwa kazi ya mhadhiri msaidizi (na wengi mnaosoma hapa mnaiwazia kazi hiyo, msijifiche), uliza mchango wako wa pensheni utaingia mfuko gani na utauonaje. Na ukiwa kwenye chama, dai wahadhiri wa muda wawe na mtu wao ndani ya chumba cha mazungumzo, hata kama hilo litafanya asilimia ya nyongeza ishuke kidogo. Najua wenzangu wengine hawatapenda sentensi hiyo ya mwisho.

Yule mzee anakwenda tena Jumatatu. Amenitumia ujumbe nimsaidie kutoa nakala za karatasi zake, kwa sababu safari iliyopita waliomba zile halisi, na hawajamrudishia zote.