Jamvi la Kuanikia Tulisuke Wenyewe



Aghlabu katika kurasa hizi twazungumza khabari za miche, za palizi na za bei. Leo twaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya kitu kinacholala chini ya karafuu, hata watu wamekuwa hawakioni: nalo ni jamvi. Kila mmoja wetu amesikia maneno mazuri yakisemwa juu ya kazi za mikono za wazee wetu, ya kwamba ni urithi na haifai zipotee. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yamesemwa miaka mingi na huku wasukaji wanapungua. Sisi twaona sababu yake ni moja. Kazi ya mkono haiishi kwa kusifiwa, huishi kwa kutumiwa. Na mtumiaji wa kwanza wa jamvi, wa kapu, wa pakacha na wa kamba ya usumba katika kisiwa hiki cha Pemba ni mkulima wa karafuu. Akiviacha yeye, hapana mwingine atakayeviweka hai.

Na tuanze na faida yetu wenyewe, maana haifai kumtaka mkulima apende jambo lisilomfaa. Karafuu hutoka mtini pamoja na vikonyo vyake. Jioni watu hukaa wakachambua, karafuu mbali na makonyo mbali, na asubuhi huanikwa. Ikipata jua zuri hukauka kwa siku 4 au 5, na katika kila kilo 3 za karafuu mbichi hubaki kilo 1 kavu, au karibu yake. Siku hizo chache ndizo zinazoamua kazi ya mwaka mzima. Karafuu iliyolundikwa mbichi hupata moto ndani yake, ikavunda, ikanyauka na kupoteza rangi, nayo hushuka daraja. Karafuu iliyoanikwa juu ya lami huchukua mchanga na harufu ya mafuta ya magari. Kwa ajili hiyo Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC), lililoanzishwa mwaka 1968, limekuwa likituhimiza kuanika juu ya majamvi, tuache barabara.

Lakini katika vitongoji vingi turubali la plastiki limeshika mahali pa jamvi. Turubali lina sifa zake, wala hatuzikatai: ni jepesi, hupatikana dukani, na mvua ikitanda hufunika upesi. Ila plastiki haina njia ya kupumua. Unyevu wa karafuu ukishuka chini hukaa pale pale, na asiyegeuza karafuu zake mara kwa mara huzikuta zimeloa upande wa chini na zimekauka upande wa juu. Jamvi lililosukwa kwa miyaa hupitisha hewa. Maji hutoka juu na chini, na mvua ikija watu wawili hulikunja pamoja na karafuu zake wakalitia ndani. Wenye mashamba makubwa tangu zamani walijenga sakafu za kuanikia, na sakafu safi ni kitu chema. Walakini wengi wetu si watu wa sakafu. Wengi ni watoto na wajukuu wa wale waliogawiwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, na miti yetu ni ya kuhesabika. Kwa mtu wa namna hii jamvi ndiyo sakafu yake, tena ni sakafu anayoweza kuichukua begani.

Sasa tutazame jamvi hilo hutoka wapi. Ukili hausukwi kwa siku moja. Kwanza yakatwe makuti machanga ya miyaa au ya mkindu, yaanikwe, yachanwe chane kwa chane, ndipo mkono uanze kusuka ukili mrefu pima kwa pima. Kisha ukili ushonwe ubavu kwa ubavu hata upatikane upana unaotakiwa. Na kamba ya usumba nayo ina safari yake: makumbi ya nazi hufukiwa katika tope la pwani miezi mingi, yakafukuliwa, yakapigwa hata nyuzi zikabaki safi, ndipo yakasokotwa. Kazi zote hizo hufanywa zaidi na wanawake, baina ya kuchota maji na kupika, na kwa hivyo watu wamezoea kuziona kama si kazi. Mume akiuliza jamvi limegharimu nini hujibiwa kuwa halikugharimu kitu, kwa kuwa hapana aliyehesabu siku za mkewe.

Kazi hii si ya jana. Kiko kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinachotaja kisiwa cha Menuthias katika pwani yetu. Wataalamu wengine husema kisiwa hicho ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Watu wake, kitabu chasema, walikuwa na vyombo vya kushona na walitega samaki kwa vikapu katika milango ya maji. Atakayekwenda leo katika pwani zetu atakuta madema yanasukwa bado. Basi ufundi uliodumu karibu miaka 2,000 waweza kudumu zaidi. Lakini pia waweza kukatika katika maisha ya mtu mmoja, na mfano wake tunao.

Mfano huo ni mtepe. Mtepe ulikuwa chombo kisicho na msumari, mbao zake zikishonwa kwa kamba za usumba, na tanga lake likisukwa kwa majani kama mkeka. Vitu vyake, yaani, ni hivi hivi tunavyovizungumza. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilitoweka baharini. Mwaka 2003 ulipotakiwa mtepe wa kuwekwa katika Beit al-Ajaib mjini Unguja, ilibidi mafundi waunde kwa kutazama picha na vielelezo, kwa sababu waliokuwa wakijua kwa mikono yao walikuwa wamekwisha kufa. Tena Desemba 2020 sehemu ya jumba lenyewe ilianguka. Hatusemi haya kuwalaumu watu wa makumbusho, ambao walifanya wema mkubwa. Twasema tu kwamba ufundi ukishaingia katika makumbusho umekwisha toka katika nyumba za watu, na kuurudisha ni kazi kubwa mara kumi kuliko kuuhifadhi.

Wako wanachama watakaosema: haya yote ni sawa, lakini vijana hawataki. Sisi twauliza, hawataki nini? Msichana wa leo si mvivu. Tangu kilimo cha mwani kilipoingia visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wetu wamesimama maji ya kiunoni wakifunga mwani, kazi ngumu yenye bei ndogo, na wameifanya kwa kuwa palikuwa na mnunuzi aliyejulikana. Msichana huyo akisuka jamvi hajui atamuuzia nani, wala lini, wala kwa bei gani. Humpelekea jirani, na jirani hulichukua kwa ahadi ya kulipa karafuu zikiuzwa. Mtu hawezi kumwita mwenzake mvivu kwa kukataa kazi isiyolipwa. Ile methali ya mwacha asili ni mtumwa ni methali njema, lakini haimnunulii mtoto daftari.

Wengine watasema, basi na tuwasukie watalii. Na wasukiwe, twaunga mkono. Lakini watalii wengi huishia Unguja, na mtalii akija Pemba hununua kikapu kidogo cha kutia sandukuni. Hapana mtalii aliyepata kubeba jamvi la kuanikia karafuu akalipandisha ndege. Ufundi ukiachiwa soko la watalii peke yake utabaki katika vitu vidogo vya rangi, na vile vikubwa vya kazi vitakufa. Tena biashara ya watalii yaweza kusimama kwa siku moja, kama tulivyoona mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona. Karafuu ilichumwa mwaka ule kama miaka mingine.

Tutazame wenzetu walifanyaje. Nchi ya Rwanda ilipofanya nembo mpya ya taifa mwaka 2001 ilitia kikapu ndani yake. Lakini haikukoma katika nembo. Kuanzia mwaka 2005 vikapu vya wanawake wa huko vikauzwa katika maduka ya Macy's ya Marekani, na palipo na mnunuzi wa namna hiyo msukaji hujua kinachotakiwa na hupata sababu ya kumfundisha binti yake. Ndugu zetu wa Oman, pamoja na nchi nyingine za Kiarabu, walipeleka khabari za mtende na ujuzi wake wote UNESCO, na Desemba 2019 ukaandikwa katika orodha ya urithi wa wanadamu. Na katika ujuzi huo umo usukaji wa majani. Kwetu nyumbani, Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Sheria hizo zilifungua mlango kwa kapu na kwa mkoba wa ukili, na mahali pengi mlango huo ukaingiwa na mifuko mingine iliyotoka kiwandani nje ya nchi, kwa sababu makapu hayakuwapo tayari ya kutosha. Fursa haimngoji asiyejitayarisha.

Kwa hivyo sisi twaleta mbele ya wanachama mambo manne, yafikiriwe katika mkutano mkuu ujao.

Kwanza, Chama kiagize majamvi, makapu na kamba kabla ya msimu, miezi ile ambayo mashamba yametulia, kwa bei iliyotangazwa mapema, na msukaji alipwe sehemu ya fedha anapoanza kazi. Mwanachama atakayehitaji jamvi atalichukua Chamani na atakatwa atakapouza karafuu zake. Mkopo ubaki baina ya Chama na mwanachama. Msukaji yeye awe amekwisha lipwa.

Pili, kiwepo kipimo. Jamvi la Chama liwe na urefu na upana unaojulikana, ukili wake uwe umebana, na mshono wake usiachie. Wako wanachama walioacha majamvi kwa kuwa walinunua mabovu, yakatoa vipande vikachanganyika na karafuu, na hawa wana haki ya kulalamika. Ufundi usio na kipimo hujiua wenyewe.

Tatu, tupande. Mkindu hupenda mabonde yenye maji. Miyaa hustahimili jua na mawe. Katika upande wa Micheweni, ambako ardhi kubwa ni ya mawe na mkarafuu haustawi, mimea hii yaweza kuwa mali. Na anayekata asikate kuti la katikati mpaka mmea ukafa. Akate kwa kiasi, auache upumue. Kwa miaka mingi watu wa upande ule wamekuja katika vilima vyetu wakati wa mavuno kuchuma karafuu. Jamvi ni njia nyingine ya fedha ya karafuu kumfikia hata asiye na mkarafuu mmoja, tena kumfikia nyumbani kwake, bila ya kupanda mti na kuvunjika mguu.

Nne, tufundishe. Wazee wanaojua kazi hizi khasa wamebaki wachache katika kila kijiji, na kila mwaka twazika baadhi yao. Chama kiwaombe walimu wa skuli na wa vyuo siku moja katika wiki, na bibi atakayekuja kufundisha alipwe kama fundi, asiitwe msaidizi. Na wavulana wakae pia. Hapana aibu katika kazi ya mkono. Tulifundishwa chuoni kwamba Nabii Daud, alayhi salaam, aliyekuwa mfalme, akila katika kazi ya mikono yake mwenyewe.

Gharama ya mambo haya itahesabiwa na Halmashauri na kuletwa mkutanoni, na mwanachama atakayeona mzigo ni mkubwa aseme wazi. Tutaanza kwa kiasi cha uwezo wetu, hata ikiwa ni majamvi machache kwa kila tawi, maana haba na haba hujaza kibaba. Lakini twaomba jambo hili lisiahirishwe kwa sababu tu ya kuwa turubali linapatikana. Turubali likichanika hununuliwa jingine, na fedha yake huvuka bahari isirudi. Jamvi likichakaa fedha ya jingine hubaki kisiwani, katika mkono wa mama wa mtu, na mkono huo ukiwa na kazi hautasahau.

Wazee walisema vyaelea vimeundwa. Karafuu yetu yajulikana duniani kwa harufu yake, nasi twajivunia. Basi tumkumbuke na yule aliyekaa barazani akisuka pale ilipoanikwa.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama