Tutunze na Vidole



Saa ile sote tunaijua. Mwimbaji amefika kwenye ubeti wenye mwenyewe, fidla zinamjibu, na katikati ya ukumbi anainuka mwanamke, noti mkononi, anasogea jukwaani akicheza taratibu. Hasemi neno. Aliyekusudiwa ameshaelewa. Mwimbaji anapokea tunzo, vigelegele vinapigwa, wimbo unaendelea.

Nyuma ya mwimbaji wamekaa watu kumi na zaidi ambao hakuna aliyewatazama. Yupo wa kanuni, ala yenye nyuzi zaidi ya sabini, nyingi zikiwa tatu tatu kwa sauti moja, naye alianza kuzilinganisha sisi tukiwa bado tunavaa. Wapo wa fidla, udi, nai, kodiani, besi, dumbaki na rika. Wengi wao mchana wana kazi nyingine za kuwalisha; usiku ndio wanakutana mazoezini. Hiyo ndiyo okestra ya taarab ya mji wetu wa Zanzibar, na leo nawaombea wao.

Wazee husimulia kwamba Sayyid Barghash, sultani aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipendezwa na muziki wa Misri akampeleka Mohamed Ibrahim kule Cairo akajifunze kanuni. Wakati huo taarab ilikuwa burudani ya kasri. Mwaka 1905 watu wa mjini wakaunda klabu yao, Ikhwani Safaa. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaipa taarab ulimi wa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Mwaka 1958 ikaanza klabu tunayoiita leo Culture, au Mila na Utamaduni. Usultani ukaondoka, Mapinduzi yakaja, na Ikhwani Safaa imevuka miaka mia moja. Kasri halikuifikisha huko. Wanachama ndio walioifikisha, kwa michango yao na usiku wao.

Urithi huo sasa unatutoka mikononi, nasi wenyewe tumechangia. Tangu miaka ya 1990 kinanda cha umeme na spika vimechukua nafasi ya watu wengi ukumbini. Simlaumu mwenye harusi. Gharama zimempanda kichwani, na taarab ya kisasa ina raha yake. Lakini kinanda cha kawaida kina vibao vyake tu. Zile sauti zilizo katikati ya kibao na kibao, ambazo fidla huzitelezea na zikamtoa mtu chozi, hakinazo.

Tulikuwa pia na tegemeo la chuo. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, maarufu kama DCMA, kilifungua milango mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani, kikafundisha watoto wetu kanuni na udi. Mwaka 2019 fedha za wafadhili zilipokatika, kilikaribia kufungwa. Chombo kinachoendeshwa kwa upepo wa mgeni husimama siku upepo huo unapogeuka.

Basi naomba mambo manne, na kila mmoja achukue linalomfaa.

Mwenye harusi: kama okestra nzima ni ghali, waite watu wanne tu, wa kanuni, udi, fidla na dumbaki, wapige saa moja wageni wakipokewa. Kinanda kitafuata baadaye.

Mwenye udi wa babu unaoning'inia ukutani au fidla iliyofungiwa kabatini: upeleke klabu ukatengenezwe. Mbao zikikaa bure katika joto na hewa yetu ya chumvi, gundi huachia. Na ukiupeleka, mchukue na mjukuu akasikilize mazoezi.

Mwenye hoteli: taarab unayompigia mgeni akila chakula cha jioni ni sehemu ya kile alichokilipia. Walipe wapigaji malipo ya mafundi.

La nne ni letu sote. Tunapotunza, tumekuwa tukitunza koo na kusahau vidole. Viongozi wa klabu, wekeni kisanduku kando ya jukwaa, kiwe cha nyuzi, ngozi za dumbaki na matengenezo, na hesabu yake isomwe mbele ya wanachama. Sisi wengine, tukiinuka na noti ya mwimbaji, tuwe na ya pili ya kisanduku. Haitapunguza ujumbe wetu kwa aliyekusudiwa. Atauelewa tu.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Vyanda hivi vimetuoza, vimetusherehekea Idi, vimetusemea tusiyothubutu kuyasema. Tuanze Idi hii: noti mbili, moja kwa sauti, moja kwa nyuzi.